Tovuti ya Tawi Letu na Deni la Kijana

Ndugu wanachama na wafanya kazi wenzetu,

Leo twapenda kuwaletea habari ya jambo lililotukuta katika chumba cha mikutano cha tawi letu, pamoja na maoni yetu juu yake. Habari hii yaanza kama mchezo wa vijana, lakini mwisho wake ni deni, na deni hilo ni letu sisi sote tunaolipa ada katika tawi hili. Kwa hivyo twaomba kila mmoja asome mpaka mwisho kabla ya kusema kwamba haimhusu.

Wanafunzi wanne wa chuo kimoja hapa Nairobi wana kipindi chao cha sauti, ambacho wao hukiita podikasti. Ni kama kipindi cha redio, ila hakina saa yake ya kutangazwa. Wanakinasa, wanakiweka katika intaneti, na mtu hukisikiliza kwa simu wakati atakapo, hata akiwa ndani ya matatu. Wanafunzi hawa wanajifunza kazi ya kutengeneza tovuti. Walitaka kuwauliza wahitimu wa kazi hiyo hiyo, waliomaliza chuo miaka miwili au mitatu iliyopita, wameona nini huko nje. Mmoja wa wanafunzi ni mtoto wa mwenzetu wa karakana. Chuo chao hakikuwa na chumba kitulivu siku ya Jumamosi, nasi tuna chumba ambacho Jumamosi hukaa na viti vitupu. Tukawapa. Sharti letu lilikuwa moja tu: nasi tuketi, tusikilize, na tukiwa na swali tuulize.

Tuliketi Jumamosi tatu. Wahitimu sita walikuja, wanaume wanne na wanawake wawili. Hatutawataja majina kwa sababu tuliwaahidi hivyo, na tena wengine wao bado wanatafuta kazi.

KAZI YENYEWE NI KAZI GANI

Wako wenzetu watakaosema, "Hao ni watoto wa kubonyeza simu. Sisi tunainua vyuma." Hatuwalaumu, maana hata sisi tulidhani hivyo. Umri wetu haujafika miaka arobaini, lakini tulisoma skuli ya misheni mpaka darasa la nane, tukaingia kazini, na kompyuta tuliijua ukubwani. Basi tuliwaomba vijana watueleze kazi yao polepole, kama mtu anavyomweleza mgeni njia.

Walituambia ya kuwa mpango huu wa kurasa zinazounganishwa pamoja kwa intaneti ulitolewa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 maabara ile ikautoa bure kwa watu wote. Ukurasa wa tovuti huandikwa kwa lugha iitwayo HTML, ambayo huiambia kompyuta: hiki ni kichwa cha habari, haya ni maneno, hii ni picha. Lugha ya pili huitwa CSS, nayo hupanga rangi, ukubwa wa herufi na nafasi ya kila kitu. Ya tatu ni JavaScript, iliyotokea mwaka 1995, nayo ndiyo inayofanya jambo litendeke mtu akibonyeza.

Hapa Kenya intaneti ilikuwa ya polepole na ya bei kali mpaka mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Hapo ndipo kazi hii ilipopata nguvu kwetu. Mtu wa reli asicheke. Ni Mombasa hiyo hiyo ambako reli ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Nyaya zile ni njia nyingine iliyoingia nchini kwa mlango ule ule, na kila njia ina watu wake wanaoitumikia.

Mhitimu mmoja alituambia kosa la kwanza la wanafunzi ni kutengeneza ukurasa wa kumpendeza mwalimu. Huweka picha kubwa na rangi nyingi. Kisha mama mmoja aliye mbali na mji aufungua kwa simu ya bei ndogo, mtandao ni hafifu, na bando lake laisha kabla picha haijatokea. Mwingine haoni kwa macho, hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Picha isiyoandikiwa maneno ya kuieleza ni kama ukuta mbele yake. Kwa hivyo fundi mwema huuliza kwanza: nani ataisoma tovuti hii, kwa chombo gani, na anatafuta nini?

Tuliposikia hayo tulitazamana. Ishara ya reli nayo haikuwekwa ipendeze. Imewekwa dereva aione kutoka mbali, usiku na katika mvua, aelewe mara moja. Tangu hapo hatukuwaita tena watoto wa kubonyeza simu.

NAMNA YA KUMWULIZA MTU

Jumamosi ya kwanza haikuzaa kitu. Wanafunzi walikuwa wameandika maswali yao vizuri katika daftari. "Siri ya mafanikio yako ni nini?" "Una shauri gani kwa vijana wanaokufuata?" Wahitimu wawili wa kwanza walijibu kama watu wanaohutubia harusini. Walisema juhudi, nidhamu, kutokata tamaa na kumcha Mungu. Yote ni maneno mema, lakini ukimaliza kuyasikiliza hujui yule mtu anakula nini jioni.

Jumamosi ya pili alikuja mzee mmoja aliyekuwa gadi kabla ya kustaafu. Alikuja kuchukua barua yake, akaona watu, akaketi nyuma. Alisikiliza maswali mawili matatu, kisha akainua mkono kama mtoto wa skuli. Akasema, "Mwanangu, ile kazi yako ya kwanza, mlipatana shilingi ngapi? Ulilipwa siku gani? Na mapatano yenyewe yaliandikwa wapi?"

Chumba kikanyamaza. Mwanafunzi aliyeshika maikrofoni aliona haya, maana alilelewa ajue kwamba pesa ya mtu haiulizwi mbele za watu. Lakini mhitimu alicheka kidogo, akavuta kiti mbele, akasema robo tatu ya saa bila kukatwa. Katikati ya maneno yake gari moshi la mizigo lilipita likapiga honi. Wanafunzi walimwomba arudie pale. Alikataa, akasema akirudia hayatakuwa maneno yale yale. Wakaiacha honi humo humo.

Tangu siku hiyo maswali matatu ya mzee yakawa ndiyo ya kwanza. Tulijifunza ya kuwa ukimwuliza mtu juu ya mafanikio atakupa hotuba, bali ukimwuliza juu ya siku, pesa na karatasi, atakupa maisha yake. Jambo la pili, ukisha kuuliza, nyamaza. Usimsaidie mtu kutafuta neno, atalipata. Jambo la tatu, kabla ya kutangaza maneno yake, mrudishie ayasikie mwenyewe, aseme lipi libaki na lipi litoke, maana mkate ni wake.

Haya yalikuwa mafunzo ya podikasti, lakini twasema wazi ya kuwa yanawafaa pia wawakilishi wetu wa kila idara. Mara ngapi mwakilishi amekwenda kusikiliza malalamiko akamaliza kwa kutoa hotuba yeye?

WALIYOTUAMBIA

Kijana yule aliyesema robo tatu ya saa alikuwa ameomba kazi katika kampuni tatu. Kila moja ilimpa kile walichokiita mtihani. Mtihani wa mwisho ulikuwa kutengeneza tovuti nzima, na alikaa nayo siku nne bila malipo. Hakuajiriwa. Miezi miwili baadaye aliona tovuti ile hadharani, imebadilishwa rangi tu. Sisi watu wa reli tujiulize: fundi akiambiwa atengeneze behewa zima ili waone kama anajua kutengeneza behewa, kisha behewa liende safari na yeye abaki mlangoni, tungeita jambo hilo nini?

Wa pili alipatana kwa mdomo na mwenye duka amtengenezee tovuti ya kurasa tano. Zikawa saba, zikawa tisa. Kisha rangi zibadilishwe, kisha jina la duka libadilishwe, kisha picha zote zipigwe upya. Alifanya kazi miezi minne kwa pesa ya wiki mbili. Akasema, "Sikuweza kamwe kumwambia kwamba kazi imekwisha, kwa sababu hatukuandika mwisho wake ni upi." Katika karakana behewa likiingia lina kadi yake ya kazi: ubovu gani, fundi gani, limeingia lini, limetoka lini, na sahihi chini. Kijana huyu hakuwa na kadi.

Wa tatu alikuwa mwanamke, na hali yake ni njema. Tulidhani atasema kwamba alipata alama kubwa chuoni. La. Alisema alikaa mwaka mmoja na nusu karibu na fundi aliyemtangulia. Alilipwa kidogo, lakini alilipwa kila mwisho wa mwezi, na fundi yule alimfundisha mambo mawili ambayo chuo hakikumfundisha: kuandika mapatano na kudai pesa bila kuona haya. Siku hizi kila kazi yake ina karatasi moja. Imeandikwa kazi ni nini, itaisha lini, marekebisho ni mara ngapi, nusu ya malipo itolewe kabla ya kuanza, na tovuti itakuwa mali ya nani na tangu siku gani. Tukamwuliza kama karatasi hiyo inawazuia waongo. Akajibu, "Mwongo haimzuii. Inamzuia msahaulifu, na wengi ni wasahaulifu."

Maneno hayo hatukujua bado kwamba yatatuangukia sisi.

JUMAMOSI YA TATU

Mhitimu wa sita alikuwa kijana mpole. Alipoingia alitazama kuta za chumba kwa muda. Mwanafunzi akamwuliza maswali ya mzee: mlipatana shilingi ngapi, ulilipwa siku gani, mapatano yako wapi. Kijana akanyosha kidole kwenye ubao wetu wa matangazo, ambapo jina la tovuti ya tawi limeandikwa kwa herufi kubwa.

Akasema, "Tovuti ile niliitengeneza mimi."

Tulipatana naye shilingi 40,000. Mapatano yalikuwa ya mdomo, na mtu mmoja wa kamati ya wakati ule. Alilipwa shilingi 15,000 kwa M-Pesa, akaambiwa nyingine atapata kamati ikikutana. Kamati ikakutana, ikaachana, mwishowe ikabadilika. Alipiga simu mara nyingi. Sasa ni mwaka mmoja na nusu. Na ulipofika wakati wa kulipia tena jina la tovuti, alilipa kwa pesa yake mwenyewe. Mwanafunzi akamwuliza kwa nini. Akajibu, "Nilifungua nikaona kuna tangazo la mazishi na namba ya mchango. Nikaona si vizuri izimike."

Tukamwuliza kwa nini alikubali kuja hapa. Akasema hakujua. Alitumiwa mahali kwa ramani ya simu, na alipoona ubao wa mlangoni alitaka kurudi.

Ndugu zetu, wiki ile ile tawi hili lilikuwa limemwandikia tajiri wetu barua kali juu ya malipo ya saa za ziada yaliyochelewa. Tuliandika ya kuwa mfanya kazi hali ahadi. Barua ilikuwa nzuri, nasi tulijivunia. Wahenga walisema kweli: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Jioni ile tulifungua vitabu vya tawi. Deni hatukuliona, maana halikuandikwa popote. Tuliona shilingi 15,000 peke yake, imeandikwa "matumizi ya ofisi". Mtu mzima alifanya kazi yetu wiki nyingi, na katika vitabu vyetu hana jina.

Mwanafunzi mmoja alituuliza kwa heshima kama tungependa sehemu hiyo ikatwe. Tulikaa kimya kidogo. Kisha tukamwambia aiache, kijana mwenyewe akikubali. Kijana akakubali. Ishara nyekundu haifunikwi kwa gunia ili gari lipite.

WATAKAOPINGA

Tumekwisha kusikia maneno ya wenzetu wengine, nasi tutayajibu mojamoja bila hasira.

Wa kwanza asema, "Kijana huyo si mwanachama wetu." Ni kweli. Lakini haki ya kulipwa haitoki katika kadi ya chama. Yatoka katika kazi. Kama twaamini mwanachama peke yake ndiye anayestahili malipo yake, basi sisi si chama cha wafanya kazi, ni kikundi cha kusaidiana tu.

Wa pili asema, "Hana karatasi. Atathibitishaje?" Ndugu, neno hilo twalijua. Ndilo wanaloambiwa vibarua kila siku katika nchi hii. Tovuti ipo, tunaitumia, na pesa za kwanza zilitumwa kutoka simu ya mtu wetu. Uthibitisho gani tena?

Wa tatu asema, "Ilikuwa kamati ya zamani." Basi na mapatano ya mishahara yaliyowekwa na kamati za zamani tuyatupe pia? Tukirithi shamba twarithi na mpaka wake.

Wa nne asema, "Siku hizi kompyuta yenyewe hutengeneza tovuti kwa dakika chache." Jambo hili ni zito, na wahitimu wenyewe walilitaja kwa wasiwasi, maana kazi ndogo ndogo walizokuwa wakianzia zinapungua. Hatulipuuzi. Lakini injini za mvuke zilipoondoka zikaja za dizeli, kazi ya mtu wa kuchochea moto ilikwisha. Mshahara wake wa mwezi uliopita haukwisha. Aliufanyia kazi, alipaswa kulipwa.

SHERIA YASEMAJE

Tulitafuta sheria ili vijana wetu wazijue, na tunaziandika hapa kwa maneno mepesi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema ajira ya miezi mitatu au zaidi sharti iandikwe, na mwenye jukumu la kuiandikisha ni tajiri, si mfanya kazi. Lakini sheria hiyo yamlinda aliyeajiriwa. Anayepewa kazi moja kwa bei moja, kama fundi wa kujenga ukuta, huhesabiwa mkandarasi, na wengi wa vijana hawa wako huko. Ngao yao ni ile karatasi yao wenyewe.

Tena wasikilize sana jambo hili. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi uliyoagizwa na mtu huhesabiwa kwamba haki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmepatana namna nyingine. Kwa hivyo asiyeandika kitu aweza kukosa pesa na kukosa kazi yake pia. Ndiyo maana yule dada huandika tovuti itakuwa ya nani na tangu siku gani.

Na mwenye kudai asikate tamaa. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria yataka kesi iishe ndani ya siku 60. Kijana wetu angeweza kutushtaki huko, na angetushinda. Hakufanya hivyo. Tusifanye upole wake kuwa faida yetu.

KIWANJA CHA MASKINI

Wengine watauliza, vijana hawa watawezaje kuungana, na kila mmoja yuko peke yake chumbani na kompyuta yake? Hana karakana, hana zamu, hana wenzake wa kula nao mchana.

Twawajibu kwa habari ya wazee wetu. Januari 1947 maelfu ya wafanya kazi waligoma Mombasa. Hawakuwa watu wa bandari na wa reli tu. Walikuwamo watu wa hoteli, na walikuwamo watumishi wa nyumbani, ambao kila mmoja alikuwa peke yake katika jikoni ya tajiri wake. Walikutana katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Katika mgomo ule ndimo kilimozaliwa chama cha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Serikali ya kikoloni ilimkamata mwaka huo huo ikampeleka kizuizini, lakini somo lilibaki. Mpishi aliyekuwa peke yake jikoni aliweza kutoka, akaketi uwanjani na mpakuzi wa meli na mtu wa reli.

Wala mambo haya si ya zamani tu. Tarehe 1 Mei 2023, hapa Nairobi, wafanya kazi zaidi ya 150 wanaochuja picha na maandishi mabaya kwa ajili ya makampuni ya intaneti ya nchi za nje walikutana wakapiga kura waunde chama chao. Kazi yao ni ya kompyuta, na kila mtu alikuwa mbele ya kioo chake. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, haikusema haki ya kuungana ni ya watu wa vyuma peke yao.

Lakini nani atawaambia vijana hawa habari ya Kiwanja cha Maskini, ikiwa chama cha kwanza walichokutana nacho maishani kiliwadhulumu?

TUNAYOTAKA

Kwa hivyo twaleta mambo manne mbele ya mkutano mkuu wa tawi, na twaomba kila mwanachama aje.

La kwanza, kijana alipwe shilingi 25,000 zilizobaki, pamoja na pesa aliyolipia jina la tovuti, kabla ya mkutano wenyewe kufunguliwa. Mwenyekiti na Katibu watie sahihi barua ya kuomba radhi. Dawa ya deni ni kulipa. Hotuba si dawa.

La pili, tangu sasa tawi lisimpe mtu kazi yoyote, iwe ya tovuti, ya kupaka rangi au ya kupika chakula cha mkutano, bila karatasi moja yenye maneno matano: kazi gani, bei gani, siku gani, marekebisho mangapi, mali ya nani. Nakala moja ibaki kwake, moja ibaki kwetu, na deni liingizwe katika vitabu siku ile ile.

La tatu, chumba chetu kiwe wazi kwa vijana hawa Jumamosi mbili za kila mwezi. Wakutane, wafundishane kuandika mapatano, waambiane ni nani hulipa na ni nani halipi. Hatuwataki wajiunge nasi kesho. Twataka wajue mahali penye viti.

La nne, kila mwanachama mwenye mtoto anayesomea kazi hii amwulize jioni moja maswali ya mzee wetu gadi. Asimwulize alama tu.

Padre aliyetufundisha misheni alikuwa mkali juu ya jambo moja. Alisema kumlaza kibarua njaa huku ujira wake umo mfukoni mwako ni dhambi ambayo kelele zake hufika mbinguni. Tulipokuwa watoto tulidhani anawasema matajiri wenye mashamba makubwa. Hatukudhani anasema na kamati.

Kipindi cha wanafunzi kitatoka mwisho wa mwezi ujao. Honi ya gari moshi imo, na deni letu limo. Twataka kabla ya siku hiyo tuweze kuwaendea wale wanafunzi, tuwaombe waongeze maneno mawili mwishoni: deni limelipwa.

Ndimi sisi wenzenu,
Wafanya kazi wawili wa karakana, kamati ya elimu ya tawi.